Choo Katika Chumba cha Babu

Harufu ya ubani ilianza kutoka chooni siku ile ile mafundi walipomaliza kubandika vigae.

Hamdani aliisikia, akajifanya hajaisikia. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile kongwe chache zilizosalia Ujiji, na nyuma ilikuwa na chumba kitupu ambacho mama yake, hadi anafariki, alikifukizia ubani kila Alhamisi. Kilikuwa cha Babu, jini aliyeswali humo tangu nyumba ijengwe. Lakini watu wa Katubuka walikuwa wanakuja kumposa bintiye, Mwamvita, na Hamdani, mtu wa kujali macho ya watu kuliko mlo wake, aliona haya kuwaelekeza kwenye choo cha shimo uani. Choo kipya akakijenga chumbani kwa Babu.

"Baba, kuna mtu anatawadha mle," Mwamvita alinong'ona asubuhi ya ugeni. "Nasikia maji, halafu analia."

"Mabomba mapya hayo. Usinitie aibu leo, mwanangu."

Wageni wakaja, wakala wali kwa samaki wa migebuka, wakasifu vigae. Mshenga akaomba kwenda msalani. Mara maji yakaanza kuchuruzika nyuma ya ukuta, taratibu, kama mtu anayeosha mikono, kisha kinywa, kisha uso, na ubani ukaingia sebuleni umechanganyika na uvundo wa choo, ukazidi, hata mama wa bwana harusi akaziba pua kwa mtandio, na mshenga akatoka mbio ameishikilia suruali, na Mwamvita, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akakiinua na kusema kwa sauti ya mzee:

"Hamdani. Mama yako alinistahi. Wewe umeniwekea kinyesi ninaposujudia."

Wageni waliondoka bila kuaga. Hamdani alibaki na sinia za wali, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona, wala si mbele ya wageni tena, ni mbele ya marehemu mama yake.

Alasiri hiyo alikivunja choo kwa mikono yake mwenyewe, akasugua sakafu, akafukiza. Akamwita Mzee Mwinshehe, mganga wa majini, aliyeketi kando ya binti na kusema kwa upole, "Babu, chumba chako ni safi. Tunakuomba radhi. Rudi."

Mwamvita alijipangusa uso polepole, kama aliyemaliza kutawadha.

"Nimekusamehe, Hamdani," ile sauti ikasema, bila hasira hata kidogo. "Ila sirudi. Humu ndani ya mwanao hakuna atakayenichafulia."