Vichukuzi vya Mwabuluma

Maduhu alilala chali kwenye kiti cha tiba, mdomo wazi, na mvuke mweupe kama maziwa ukamwingia kifuani. Ndani ya mvuke huo mlikuwa na vichukuzi: roboti ndogo kuliko seli ya damu, zilizoundwa zishuke hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, zikamate chembe za vumbi la mwamba, kisha zipande nazo mpaka kooni. Muda si mrefu alikohoa, akatema makohozi ya kijivu kwenye bakuli.

"Dada, napumua kama mtoto mchanga," alimwambia Kalunde.

Mchimbaji mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alisema Daktari Nyanzobe anastahili kujengewa sanamu. Kalunde alitabasamu huku moyo ukimchoma.

Yeye alikuwa mhandisi wa hewa katika mgodi huo wa dhahabu wa Mwabuluma. Ndiye aliyebuni mtambo wa ukungu, uliolowanisha mwamba kabla ya kutobolewa ili vumbi lisiruke. Hakuna aliyewahi kumsifu, maana nani hushangilia kikohozi ambacho hakikutokea? Halafu akaja Nyanzobe, waliyesoma naye chuo kimoja, na vichukuzi vyake. Uongozi wa mgodi ukauzima ukungu. Unachelewesha kazi, walisema, na mapafu siku hizi yanasafishika.

Tangu siku hiyo Kalunde alizipekua picha za vifua vya wagonjwa wa Nyanzobe kama mtu anayetafuta unywele kwenye chakula cha mke mwenza. Alitaka kasoro, na kasoro aliipata. Ilikuwa kifuani mwa mdogo wake, Maduhu.

Vumbi lilikuwa limetoka kweli. Lakini kabla halijatolewa, seli za ulinzi zilikuwa zimekwisha kulimeza, zikashindwa kulisaga, zikafa. Kila zilipokufa mwili uliweka kovu, na kovu la pafu halitanuki wala halipitishi hewa. Maduhu alisafishwa kila wiki, akarudi shimoni kwenye vumbi zito kuliko la zamani, na makovu yakazidi kuota. Alijiona mzima kwa sababu hakuwa na makohozi.

Kalunde aliipeleka picha hiyo maabara. Nyanzobe hakuiangalia.

"Unanionea wivu, Kalunde. Tangu chuoni."

"Ndiyo, nakuonea wivu," Kalunde alijibu. Alishangaa jinsi maneno yalivyomtoka kirahisi. "Nimeomba ushindwe. Nimelala nikiomba. Sasa nimekukubalia hilo, basi itazame picha."

Nyanzobe aliivuta. Aliikuza, akaizungusha, akafuata kwa kidole mafundo meupe yaliyotapakaa juu ya mapafu yote mawili. Kisha aliketi.

"Ni nani huyu?"

"Maduhu."

"Yule mcheshi?" Nyanzobe aliirudia picha. "Mimi nilipima vumbi tu, mwenzangu. Kovu sikulipima."

Asubuhi iliyofuata aliwaita wachimbaji na uongozi kwenye ukumbi wa mgodi. Alieleza yote bila kujitetea. Vichukuzi vinatoa vumbi, alisema, ila havifuti kovu, na hajui dawa yoyote inayolifuta. Akasema hatamtibu mtu wa kurudishwa kwenye vumbi, na kwamba ukungu usipowashwa, asishuke mtu. Meneja aliwatazama wachimbaji, akaona hakuna anayenyanyuka kwenda kazini, akakubali.

Nyanzobe hakutaja ukungu huo ni wa nani. Pengine alisahau. Wachimbaji walipanda jukwaani kumshika mkono, wakimsifu kwa ujasiri wake, wengine wakilia. Kalunde alibaki kwenye kiti chake akiwa na uchungu mdomoni. Hata kukosea kwake kunamletea sifa, aliwaza.

Maduhu naye alinyanyuka ili akamsalimie daktari. Ngazi za jukwaa zilikuwa chache. Alipofika katikati alisimama, akashika ukuta, mabega yakipanda na kushuka. Wenzake walimpita. Kalunde alimkimbilia.

"Vipi?"

"Ngoja kwanza, dada," alisema kwa shida, akijaribu kucheka. "Nipumzike kidogo."

Kalunde alimshika kiunoni wakasubiri pamoja. Wivu ulimpanda upya, mkali kuliko wote aliowahi kuuhisi, na safari hii hakumwonea Nyanzobe. Alimwonea kila mtu aliyezipanda ngazi zile bila kusimama.