Nusu ya Pili ya Sentensi

Ukumbi wa benki ulikuwa umefurika, na mwokaji mikate alisimama kwenye foleni akinong'ona vitenzi vya Kijerumani kama mtu anayesali. Mbele yake alikuwa mwanamke mwenye blauzi ya zambarau na hereni zilizocheza kila alipogeuza shingo. Alivumilia kwa muda, kisha akamsahihisha bila hata kugeuka: neno hilo hutoka kooni, si puani.

Mwokaji akalirudia. Likatoka baya zaidi. Mwanamke akageuka, akaona unga kwenye nyusi zake, akacheka hadi mlinzi akawatazama.

Alikuwa mpokeaji wageni hotelini, na wenzake walimwita Kasuku. Kijerumani hakukisomea popote. Alikinasa midomoni mwa wageni, kama alivyonasa Kifaransa na Kireno. Kipaji alijaliwa, ila kumaliza jambo kulimshinda: lugha zote hizo alizizungumza, na hakuna hata moja aliyoweza kuiandika. Mwokaji ulimi wake ulikuwa mzito, lakini alikuwa na sababu. Dada yake alifia Ujerumani akaacha binti, sasa mwenye miaka tisa, anayelelewa huko na baba yake na asiyejua Kiswahili. Kila Jumapili mjomba alipiga simu, wakasalimiana, wakanyamaza.

"Sauti yake ni ya dada yangu kabisa," alimwambia Kasuku walipotoka benki. "Ila sielewi anachosema. Nisaidie."

Tangu siku hiyo Kasuku akawa anapitia kiwandani kwake akitoka kazini. Walikaa kati ya trei za mikate ya moto, mmoja akitamka, mwingine akirudia huku mikono imezama kwenye unga.

"Kijerumani chako kinahitaji hamira, mpenzi," Kasuku alimtania. Neno la mwisho lilimponyoka, na hakuna aliyetaka lirudi. Jumapili zikawa za watatu: binti akiongea, Kasuku akitafsiri, mjomba akitabasamu kama bwana harusi.

Jumapili moja binti aliuliza jambo, Kasuku akajibu haraka huku akicheka. Kwa mara ya kwanza mwokaji akaelewa bila kusubiri tafsiri: "Mjomba wako ana kichwa kigumu kama ubao." Maneno yaliyofuata yalimpita mbio, lakini hayo ya kwanza yalimtosha. Akasema mikate inaungua, akatoka.

Kasuku alipiga simu kesho yake na siku zilizofuata, akajibiwa kwa mkato kuwa kazi ni nyingi. Alipofika kiwandani akaambiwa mwenyewe hayupo, na huku anamsikia akikohoa nyuma ya tanuri. Aliondoka akilia. Hakujua amekosa nini.

Masomo, hata hivyo, mwokaji hakuyaacha. Alisoma kwa hasira, akatamka mbele ya kioo mpaka koo likamkauka. Jumapili iliyofuata akapiga simu peke yake, jasho likimtoka. Swali la kwanza la binti lilikuwa: yuko wapi yule dada anayecheka?

Mjomba akaeleza, kwa sentensi za kuchechemea, kwamba dada huyo alimwita kichwa kigumu. Binti akashangaa. Akasema dada huyo hakuishia hapo, akayarudia yaliyobaki. Mjomba hakushika kitu. Akamwomba aseme polepole, kisha polepole zaidi, mpaka yakamwingia neno kwa neno: "Mimi mwenye kipaji huacha kila kitu njiani. Yeye haachi. Ndiyo maana nampenda."

Alikwenda hotelini mbio, aproni ikiwa bado kiunoni. Kasuku alikuwa amevaa sare ya buluu, akimwandikisha mzee wa Kijerumani. Alipomwona, akaiweka kalamu mezani.

"Nusu ya pili nimeisikia leo," mwokaji alisema, akihema. "Nisamehe. Nilijua lugha ya kunitosha kuumia tu."

"Na mimi nimekulilia wiki nzima, kichwa ubao wewe."

"Basi sikiliza. Hili nalisema kwa Kiswahili, nisije nikakosea. Nioe nikuoe, vyovyote utakavyo, mradi tuoane."

Yule mzee, aliyekuwa akiwatazama wote wawili, akamwuliza Kasuku kwa Kijerumani kijana huyu mwenye unga anasema nini. Kasuku akafungua mdomo. Katika lugha zake zote hakupata hata neno moja. Akaishia kutikisa kichwa kukubali, machozi yakimshuka.

Ikabidi mwokaji atafsiri mwenyewe, polepole, kutoka kooni.

"Amekubali," alimwambia mzee.