Waliazima Umaskini Wangu Ili Binti Yao Asome

Mimi ni mama mzee wa miaka sitini na tisa, mjane, mkaaji wa Subukia. Nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili tangu nikiwa na meno yote. Namshukuru Mungu kwa ng'ombe wangu mmoja, kwa nyumba yangu ya mbao, na kwa magoti ambayo bado yanakunjika wakati wa sala. Siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu nilitendewa jambo ambalo sikujua Mkristo anaweza kulitenda mchana peupe, huku akitabasamu...

Binti yangu Njeri alifariki akaniachia mtoto mmoja, Wairimu. Nimemlea kwa maziwa na mboga za shamba. Mwaka jana alimaliza kidato cha nne, akapata alama nzuri kuliko tulivyotarajia. Msichana huyu anapenda ng'ombe jinsi wenzake wanavyopenda simu! Ng'ombe wa jirani akikataa kula, yeye ndiye huitwa kwanza. Ndoto yake ilikuwa moja tu, kusomea afya ya mifugo katika chuo fulani kule Nakuru mjini.

Chuo hicho hutoa ufadhili kwa watoto wa upande wetu waliofaulu lakini hawana wa kuwalipia. Maombi hupitia makanisani. Kamati ya elimu ya kanisa hupendekeza majina, kisha watu wa chuo huja wenyewe kuona boma la mwombaji, wahakikishe kama kweli kuna shida. Na sheria yao ni moja ngumu: boma moja, mtoto mmoja.

Wairimu aliomba. Tukafunga, tukasali. Nilikuwa na hofu gani? Umaskini wangu hauhitaji shahidi! Ukisimama langoni unauona wote, mpaka nyuma ya choo.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Mama Joy. Ngoja niwaeleze Mama Joy ni nani. Ana duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Ana nyumba ya mawe yenye vigae hadi bafuni. Ana pikapu na dereva. Mabati ya kanisa letu alitoa yeye, na haijapita Jumapili hata moja tukaruhusiwa kusahau. Akiomba, huomba kwa sauti ambayo nadhani hata malaika huziba masikio.

Lakini nilimpenda. Tumeketi benchi moja miaka mingi. Mume wangu alipozikwa, yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini. Binti yake Joy alimaliza shule pamoja na Wairimu wangu. Sikujua kwamba naye ameomba ufadhili. Ningejuaje? Mwenye duka anaomba kufadhiliwa kwa sababu gani?

Asubuhi moja Mama Joy alikuja kwangu na sukari na mafuta ya kupikia.

"Mama Njeri, nina wageni wa maombi kutoka Nakuru," akasema. "Kwangu mafundi wanapaka rangi, hakuna pa kukaa. Na wageni wenyewe wamechoka na soda na keki. Wanataka chakula cha kuni, kwa boma la kizamani. Si utanisaidia?"

Kwetu mtu hamnyimi mwenzake jiko. Ukipata wageni na kwako hapafai, unawapeleka kwa jirani, na jirani anawapikia kana kwamba ni wake. Ndivyo mama zetu walivyotulea. Nikasema karibu, nyumba ni ya Mungu.

Kabla ya kuondoka akageuka. "Na Wairimu aende anisaidie dukani leo, kuna mzigo wa kupanga."

Nikamtuma. Nilimtuma kwa mdomo wangu mwenyewe!

Joy alifika mapema, amevaa sweta iliyotoboka viwiko na raba zilizopasuka. Huyu ni msichana anayebadilisha nywele kabla zile za kwanza hazijazoea kichwa. Mimi, mjinga wa Bwana, nikamsifu. Nikamwambia, "Mwanangu, umejifunza unyenyekevu." Akatazama chini. Nikadhani ni adabu...

Wageni walikuwa wawili, kijana mwenye miwani na mwanamke mmoja mpole. Mama Joy aliwakaribisha uwanjani, wakaketi kwenye viti vyangu, wakaongea Kiingereza. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, kwa hivyo nikabaki jikoni na moshi wangu. Mara nikasikia Mama Joy analia. Alilia kwa kwikwi kama mtu aliyefiwa. Nikadhani ni maombi yamepamba moto, Roho amewashukia.

Nikaitikia "Amina!" kutoka jikoni.

Nilipotoka na githeri yangu ya mahindi na maharagwe, kijana alikula akaongezwa. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Shosho, huyu ni mjukuu wako?"

Wasomaji, mngejibu nini? Mtoto nimemfundisha Zaburi akiwa hajui kufunga viatu. Kwetu mama mzee hamkani mtoto aliyesimama mbele yake, hiyo ni kama laana. Nikamkumbatia Joy, nikasema, "Ndiyo, ni mjukuu wangu." Wakatupiga picha mbele ya jiko. Kijana akafumba macho, akaliombea boma langu. Nililala na furaha siku hiyo. Nilijiona kama yule mjane wa Sarepta aliyemlisha nabii!

Wiki zikapita. Wairimu akimuuliza Mama Joy habari za ufadhili, anajibiwa, "Mngojee Bwana, mwanangu." Tukamngojea Bwana. Mwishowe nikavaa kitambaa changu cha kichwa cha kanisani, tukaenda na Wairimu hadi Nakuru, chuoni.

Ofisini palikuwa na foleni ya vijana. Mezani nikamkuta yule yule mwenye miwani. Nilishangaa... mtu wa maombi anafanya nini hapa? Yeye alinyanyuka kwa furaha.

"Shosho wa githeri! Umekuja kushukuru? Haikuwa lazima. Joy anaingia mwezi ujao."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu, Wairimu, huyu hapa.

Uso wake ukabadilika. "Shosho, boma lenu limeshasaidiwa. Ni boma moja, mtoto mmoja. Nilikuuliza mimi mwenyewe, ukasema Joy ni mjukuu wako."

Nikaanza kueleza, Joy si wangu, mama yake ndiye yule aliyewaleta kwangu! Vijana wa foleni wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mathe ana kiwanda cha wajukuu!" Mwingine akadakia, "Shosho, niandikishe na mimi, niko free, sina hata mama!" Wairimu alinishika mkono.

Kijana wa ofisi aliwanyamazisha, lakini macho yake hayakuwa yale ya kwanza. Akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mwizi mzee, "Shosho, yule mama ni mwenyekiti wa kamati yenu. Alilia mbele yetu akitusimulia vile mama ya Joy aliaga dunia na kumwachia wewe mtoto. Hata mwenzangu alitoa machozi. Na Joy mwenyewe akakubali kwamba ni yatima."

Mnaelewa? Mama Joy alikaa katika kiti changu, akasimulia kifo chake mwenyewe, akajililia! Alichukua kifo cha Njeri wangu, mtoto niliyemzika kwa mikono hii, akakivaa kama koti la kuazima. Na binti yake alikaa kando, akaitikia kwamba mama yake ni marehemu. Nami nikasema Amina!

Nilimsihi yule kijana. Akafikiri, kisha akasema jambo la haki. Kanisa limesema hivi, mimi nasema vile, yeye hawezi kujua mkweli ni nani. Lakini kama mchungaji atakuja, au huyo mama mwenyewe aje aseme yu hai na Joy ni wake, kabla ya shule kufunguliwa, nafasi itakuwa ya Wairimu.

Kusema yu hai! Je, kuna jambo jepesi kuliko hilo?

Nilishuka sokoni nikaenda moja kwa moja dukani kwake. Alikuwa nyuma ya kaunta, anakunywa chai.

"Unataka niende niseme nini?" akaniuliza. "Kwamba niko hai?"

"Ndiyo. Ni neno dogo."

"Ili Joy afukuzwe? Mama Njeri, wewe ni mtu wa imani. Mungu atamfungulia Wairimu mlango mwingine."

Nikamuuliza kwa nini asimlipie Joy kwa uwezo wake, Mungu amembariki. Akacheka kabisa. "Kulipa wakati wengine wanalipiwa ni ujinga. Na mbona unalia hivyo? Nimekupunguzia nini? Umaskini wako si bado unao?"

Ndugu zangu, nimetukanwa maishani, lakini sijawahi kuambiwa neno la kunikata kama hilo. Nilimtazama vizuri, pete zake, kitambaa chake cha akina mama wa kanisa kilichopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokuwa mdogo. Mtu mwenye vigae hadi bafuni, anazunguka akitafuta sweta yenye matundu! Maskini wa kweli huficha tundu la sweta yake kwa mkono. Yeye alilitafuta tundu kama dhahabu.

Nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiliza kwa huruma nyingi, huruma ni kitu anachokitoa bila shida. Kisha akasema, "Mama, tuombe. Tukianza kufukua mambo, tutaharibu kazi ya Bwana." Nikatazama juu. Mabati yalikuwa yanang'aa. Nikaelewa ni kazi gani inayoogopewa kuharibika.

Shule ikafunguliwa. Joy akaingia. Mama Joy aliona afadhali abaki marehemu kuliko kulipa.

Wairimu hakulaumu mtu. Alienda kwa mpwa wangu kule Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, anafua nguo za watu nyumba kwa nyumba. Siku ya kuondoka alianza kumuaga ng'ombe kabla yangu. Nikamwacha, kwa maana nilijua akinitazama mimi kwanza hataweza kwenda.

Mnadhani yaliishia hapo? Muhula haujaisha, Mama Joy akaja kwangu jioni moja na leso mpya. Nilimpikia chai, maana chai sinyimi hata adui. Alizungukazunguka maneno, kisha akafika. Chuo kina siku ya familia kuwatembelea wanafunzi wanaofadhiliwa. Kila mmoja lazima awe na mtu wake. Na ofisini wanaulizia shosho.

"Ni siku moja tu, Mama Njeri. Utakaa, utakula, pikapu itakurudisha hadi mlangoni."

"Na wewe hutaenda?"

"Mimi wananijua kama mwenyekiti."

"Kwa hivyo huwezi kumtembelea mtoto uliyemzaa."

Nikamrudishia leso yake mkononi.

"Marehemu hatembelei watoto, Mama Joy," nikamwambia. "Nenda ofisini ukafufuke kwanza. Ukishafufuka hutahitaji shosho wa kuazima."

Hakwenda kufufuka. Dereva wake ndiye aliyenisimulia. Siku hiyo familia zilijaa, watu wanakula na watoto wao kwenye nyasi. Joy alikaa peke yake karibu na lango mpaka wenzake wakamaliza kuagana na wazazi wao. Mama yake alikuwa ng'ambo ya barabara ndani ya pikapu, vioo vimepandishwa, anamtazama. Dereva alimwambia, "Mama, si ushuke tu?" Akamjibu aendeshe gari.

Msichana yule nilimhurumia. Alifundishwa vibaya na aliyepaswa kumfundisha. Lakini mama yake... Mungu anisamehe, nimejaribu kumsamehe, na kila nikipiga magoti nakwama. Sijui nimwombee kama mtu aliye hai au kama marehemu. Ninachoona moyoni mwangu si hasira tena, ni dharau, na Bwana anajua nimemwomba aiondoe. Mpaka leo katika chuo kile boma langu ni boma lililosaidiwa, na Wairimu bado anafua.

Wazee wenzangu, kumpa mtu jiko si dhambi, mpeni. Lakini keti na wageni wake, uliza wametoka wapi na wamefuata nini, hata kama chakula kitaungua. Ukiulizwa mtoto ni wa nani, sema ni wa jirani yangu, nampenda. Mtoto hapungukiwi kitu kwa kutajwa wazazi wake.

Nanyi wachungaji, kamati ya elimu si zawadi ya aliyetoa mabati.

Na ninyi wazazi mliojaliwa, nawasihi kwa jina la Bwana, lipeni karo! Acheni kugombania kipande cha yatima. Mtapata nafasi hiyo, najua mtaipata, ninyi hamshindwi. Lakini mtoto ukishamfundisha kusema kwamba umekufa, atazoea. Na siku utakapomwita ukiwa hai, huenda asigeuke.