Sahani ya Tullio

Siku ilianza vizuri tu. Jua la Novemba lilikuwa limeingia jikoni kwa Noemi, sufuria ya kastanya, kokwa tamu za msitu wa mlimani, ilikuwa ikichemka, na mzee Berto, baba mkwe wake, alikuwa ameketi karibu na jiko akimmenyea mjukuu. Kila kokwa aliibandua ganda la kahawia, akaipuliza, akaigusisha mdomoni mwake kwanza asije akamuunguza mtoto, ndipo akampa.

"Babu, puliza tena," Pietro alisema.

"Nikipuliza tena itashikwa na mafua."

Mtoto alicheka mpaka kastanya ikamtoka mdomoni. Noemi naye alicheka. Miaka mitano alikuwa ameolewa katika nyumba ile, ya mwisho kabisa kijijini, mlimani penye msitu wa mikastanya, na hakuwa amewahi kumsikia mzee yule akipaza sauti. Alipojifungua, ni Berto aliyekuwa akiamka kabla ya watu wote na kuwasha moto, ili yeye na kichanga wakute jiko lina joto. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Noemi aligundua mwenyewe, siku alipoona majivu kwenye soksi za mzee.

Ivano, mumewe, aliingia na jembe begani, matope mpaka magotini. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha waendesha baiskeli mlimani kwa gari, na kuzitengeneza njia za msituni wanazoteremkia.

"Njia ya Mkaa iko tayari," alisema. "Kesho alfajiri naishuka mwenyewe kuijaribu. Jumamosi tunaifungua."

Njia hiyo ilikuwa imefungwa mwaka mzima. Hapo ndipo alipofia Tullio, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtoto pekee wa bibi Delfina. Kuna mtu alikuwa amekaza waya kati ya mikastanya miwili, penye mteremko mkali, usawa wa shingo. Polisi walipita nyumba hadi nyumba. Kila mmoja alitikisa kichwa.

"Kesho ni Siku ya Wafu," Berto alisema taratibu. "Kesho njia ni zao."

"Baba, kwako wewe hata paka akipiga chafya, ni marehemu huyo!"

"Usipande kesho, Ivano."

"Nitakuletea uyoga, unyamaze."

Ivano alimbusu baba yake kichwani akaenda kunawa. Berto hakucheka. Mkononi mwake kulikuwa na kastanya iliyotoka motoni, nayo alikuwa ameisahau. Aliifumba ndani ya kiganja mpaka ikapasuka, wala hakuonekana kuhisi moto.

Jioni Noemi aliandaa meza ya marehemu kama wanawake wote wa mlima ule wanavyofanya. Kila marehemu wa nyumba huwekewa sahani ya kastanya zilizochemshwa, na jina lake hutajwa wakati wa kuiweka. Ndoo ya maji huachwa karibu na mlango, kwa kuwa wanakuja na kiu. Alfajiri wanawake huamka wa kwanza, huwatoa watu vitandani na kutandika shuka safi, ili wale waliotembea usiku kucha wapate pa kulala. Na kila nyumba huwaita wafu wake tu. Hilo halina haja ya kufundishwa. Wa kwako unajua alikufaje.

Noemi aliweka sahani nne: ya mama mkwe wake, za wazazi wa Berto, na ya shangazi wa Ivano. Kisha akasimama akitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara, nyumba ya Delfina ilikuwa giza tupu. Bibi alikuwa amevunjika nyonga, na wiki ya tatu sasa alikuwa amelazwa hospitali mjini pwani. Delfina ndiye aliyemfundisha kukanda mkate wa unga wa kastanya. Delfina ndiye aliyekesha naye siku tatu Pietro alipokuwa na homa, na kila Noemi alipotaka kumshukuru, alijibu, "Nyamaza, utamwamsha mtoto."

Sasa mwanawe atarudi akute mlango umefungwa, meza haina kitu. Moyo wa Noemi haukuweza kuvumilia.

Akachukua sahani ya tano.

"Tullio wa Delfina," alisema kwa sauti ya chini. "Karibu kwetu. Leo utakula hapa."

Alipogeuka, Berto alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ya nani?"

"Ya Tullio, baba. Mama yake hayupo."

Mzee aliitazama sahani.

"Itoe."

"Lakini baba, maskini..."

"Itoe, mwanangu. Nakuomba."

Noemi aliificha kabatini. Berto alipokwenda kulala, aliirudisha mezani. Alijisemea kwamba wema hauna hatia.

Aliamka bado hakujapambazuka. Upande wa Ivano wa kitanda ulikuwa umepoa, alikwisha kuondoka na gari. Noemi alikuwa akifunga leso kichwani aliposikia sauti kutoka jikoni.

Tik-tik-tik-tik.

Kila mtu wa kijiji kile aliijua. Ni mlio wa gurudumu la nyuma, baiskeli inapoteremka yenyewe na miguu imetulia kwenye pedali. Lakini baiskeli ya Ivano ilikuwa imekwenda naye. Nyingine humo ndani haikuwepo.

Tik-tik. Tik.

Ikanyamaza.

Alisukuma mlango. Jikoni hakukuwa na mtu. Sahani nne zilikuwa kama alivyoziacha. Kwenye ya tano kastanya zilikuwa zote, zimejaa, ganda zima, hakuna iliyopasuliwa. Aliokota moja. Ilikuwa nyepesi kama unyoya. Akaibonyeza. Ndani hamkuwa na kitu. Akaokota nyingine. Tupu. Zote tupu.

Kutoka kwenye kiti cha Tullio, juu ya vigae, ulianzia mstari wa matope mabichi. Alama za tairi. Mstari ulikwenda mpaka mlango wa chumba cha Berto. Hapo ulizunguka, ukavuka jikoni, ukafika ukutani. Ukaishia chini ya msumari ambao Ivano hutundika kofia yake ngumu ya baiskeli.

Chumbani, Berto alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu. Mkono wake ulikuwa kooni.

"Umeirudisha," alinong'ona.

"Baba..."

"Alisimama hapo ulipo wewe. Ameniuliza neno moja tu. 'Wako yuko wapi?'"

Noemi aliruka kando.

"Ni mimi," mzee alisema. "Waya ule. Hao wa baiskeli walivunja ukuta wa kibanda alichojenga marehemu baba yangu, kibanda cha kukaushia kastanya. Wakabeba mawe wakatengenezea matuta ya kurukia. Nikasema nitawatisha. Niliufunga kitambaa cheupe katikati, wauone, wasimame."

"Mbona hakuona?"

Berto alitazama sakafu.

"Nilirudi nikakitoa."

Hapo Noemi alitamani angenyamaza, lakini ilimtoka. "Baba, yale mawe hakuyatoa Tullio. Aliyatoa Ivano. Aliogopa kukwambia."

Uso wa mzee ulizeeka pale pale, mbele ya macho ya Noemi. Kisha akainuka.

Walimpigia Ivano simu. Mlimani hakuna mtandao. Walimpeleka mtoto mbio kwa jirani, akiwa bado usingizini na blanketi lake, wakapanda kigari cha Berto cha matairi matatu. Kulikuwa kunapambazuka, lakini ukungu ulikuwa mzito hata mikastanya ilionekana nusu nusu. Berto aliendesha. Njiani alivua shali yake, akamfunika Noemi mabegani, kwa kuwa alikuwa ametoka na gauni la nyumbani. Hata siku ile alikumbuka kwamba mwenziwe anasikia baridi.

Waliteremka pale ambapo barabara inakaribiana na Njia ya Mkaa, wakaingia msituni kwa miguu. Mikastanya miwili ilikuwa mbele yao. Kwenye magome yake bado kulikuwa na kovu la waya.

"Kaa hapa," Berto alisema. "Usisogee. Ukimwona Delfina, mwambie. Yote. Hata habari ya kitambaa."

"Baba, tumngoje Ivano tu, tumsimamishe..."

"Shh."

Juu, ndani ya ukungu, ilisikika.

Tik-tik-tik-tik.

Ilikuwa moja. Halafu zikawa mbili. Ya mbele ilikuwa kali, ya kasi. Ya nyuma ilikatika katika, kama ya mtu anayefunga breki.

Berto alikwenda akasimama katikati ya miti miwili, akanyoosha mikono pande zote.

"Tullio!" Ilikuwa mara ya kwanza Noemi kumsikia akipaza sauti. "Ni mimi! Si yeye! Mwache huyo, ni mimi!"

Ukungu ulipasuka. Noemi aliona fulana ya njano, ile ya Tullio. Aliona magurudumu, na majani hayakurushwa. Aliona mikono kwenye usukani. Juu ya mabega hakutazama. Alijifunika uso na shali.

Upepo ulimpita. Wa baridi. Ulinuka kastanya zilizochemshwa.

Alipofunua macho, Berto alikuwa akiketi chini polepole, kama mtu aliyechoka kazi ya siku nzima. Akalaza kichwa kwenye majani. Hakukiinua tena.

Ivano alitokea baadaye kidogo, breki zikilia, uso hauna damu. Aliitupa baiskeli.

"Kuna mtu alikuwa mbele yangu," alisema akihema. "Tangu juu. Kila nikitaka kupita ananiziba. Noemi, nani yule? Nani..."

Ndipo akamwona baba yake.

Daktari aliandika kuwa ni moyo. Kuhusu mstari mwembamba uliozunguka shingo ya marehemu, mwekundu kama uzi, hakuandika neno. Waya haukuonekana. Walitafuta mpaka mchana.

Baada ya mazishi, Noemi alikwenda hospitali. Alimwambia Delfina yote, mpaka habari ya kitambaa, mikono yake ikiwa juu ya blanketi la bibi. Delfina alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Alipita kwangu asubuhi ile," alisema. "Alikaa hapo ulipokaa. Nikamwambia, mwanangu, mwaka huu sijakuandalia chochote. Akasema, usijali mama, nimeshiba."

Akamshika Noemi mkono, akaubusu.

"Mwaka mzima nimeomba aitwe kwenye nyumba ya aliyemuua. Mimi sikuijua ni ipi. Wewe umemfungulia mlango. Asante, binti yangu."

Noemi aliurudisha mkono wake taratibu, akaufunika kwa ule mwingine. Njia nzima ya kurudi hakujua auweke wapi.

Mwaka uliofuata aliandaa sahani tano tena. Ya tano ilikuwa ya Berto. Aliijaza kupita zote, akaita jina lake kwa machozi, na Pietro, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, akazipuliza kastanya za babu moja moja ili zipoe.

Alfajiri alitandika kitanda cha mzee kwa shuka jipya, jeupe, lililopigwa pasi. Akafunga mlango, akangoja kengele ya kanisa.

Kengele ilipolia, alikwenda kutazama. Kastanya za Berto hazikuguswa. Mto ulikuwa umebonyea, kama mtu alikuwa amelala. Na chini kidogo ya mto, kutoka ukingo hadi ukingo, shuka lilikuwa na mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, wa rangi ya kutu.

Amelifua mara tatu. Amelichemsha na majivu. Shuka limechakaa mpaka unaona mkono wako upande wa pili, lakini mstari ule bado upo.