Chupa Nyuma ya Gunia la Makala

Kila siku akitoka shule, Carine alivua yunifomu, akala, kisha akachukua sufuria yenye makombo ya jana na kummwagia Baron karibu na geti. Akimaliza alirudi nyuma hatua tatu kwa haraka, ameziba pua, utadhani amemlisha mamba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mtoto pekee wa Maman Micheline, aliyefanya kazi katika ofisi ya shirika moja la misaada mjini Bukavu. Walikaa Muhumba, katika parseli, yaani kiwanja, yenye ukuta na geti la bluu, na Carine hakumwacha mtu yeyote asahau hilo geti.

Baron alikuwa mbwa wao, mweusi tii, mwenye masikio yaliyosimama. Carine alimlilia mama yake miezi mitatu anunuliwe mbwa wa namna hiyo, akaahidi kumwogesha, kumlisha na kumtembeza. Wiki ya kwanza alimtembeza kweli, mpaka barabara kubwa, ili wanafunzi wenzake wamwone. Wiki ya pili mvua ikanyesha, na matembezi yakaishia hapo. Tangu siku ile Baron alikaa kwenye mnyororo, akalala juu ya gunia ambalo halijawahi kufuliwa, akajikuna. Alijikuna mpaka manyoya ya masikio na ya viwiko yakanyonyoka, ngozi ikabaki nyekundu na yenye magamba.

Maman Micheline akamwita Dokta Mushagalusa, daktari wa mifugo. Alifika na buti za mpira zilizojaa matope, ananuka zizi, kwa sababu alikuwa ametoka kumzalisha nguruwe wa mtu. Carine alikuwa akingojea koti jeupe na mkoba wa ngozi. Akamtazama huyo mzee kuanzia utosini hadi unyayoni, akabenua mdomo, akanong'ona, "Dokta wa nguruwe." Alidhani amenong'ona. Kumbe hata kuku wa jirani walisikia.

Dokta hakugeuka. Alikwangua ngozi ya mbwa, akaeleza kwamba ule ni upele unaoletwa na vidudu vidogo mno vinavyochimba ndani ya ngozi, na kwamba vinaweza kumrukia hata mtu. Akatoa chupa ya dawa na karatasi yenye kipimo. Mbwa aogeshwe na dawa hiyo kila Jumamosi, kwa majuma sita, bila kuruka hata moja. Anayemwogesha avae glavu. Gunia la kulalia lichomwe, apewe jingine la kufuliwa kila wiki. Na mnyororo ufunguliwe, mbwa atembee, maana mbwa anayefungwa mchana kutwa huharibika tabia.

Carine akasonya. Majuma sita kwa ajili ya vidudu visivyoonekana! Jumamosi ya kwanza bomba halikuwa na maji, akafurahi kimoyomoyo. Jumamosi ya pili alisema ana mtihani. Jumamosi ya tatu hakujisumbua hata kutafuta kisingizio. Kila mara Maman Micheline alipouliza kama amemwogesha, Carine alijibu "Ndiyo, maman" kwa sauti tamu kama ya mtoto wa kwaya. Usifikiri alikuwa mgonjwa au amechoka. Alikuwa mvivu, basi. Chupa yenyewe ilikuwa jikoni, nyuma ya gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, imejaa mpaka shingoni.

Parseli ya jirani alikaa Bintu, binti wa sentineli, yaani mlinzi, wa pale. Alikuwa rika moja na Carine, lakini Carine alimwita "yule wa getini" kana kwamba hana jina. Bintu naye alikuwa na mbwa, wa kahawia, wa kuokotwa, mwenye sikio moja na nusu, aliyeitwa Nyamaza kwa sababu hakunyamaza. Huyo naye alipatwa na upele uleule, Dokta akampa dawa ileile. Bomba lilipokauka, Bintu alishuka mpaka ziwani na bidoni, dumu la plastiki la maji, akapanda nalo mlima, akajifunga mifuko ya plastiki mikononi kwa kukosa glavu, akamwogesha mbwa wake.

Carine alipenda kumchungulia juu ya ukuta. "Mbwa ya bure kama ile," akamwambia siku moja, "unaiogesha sawa mutoto ya mwami?"

Bintu hakuinua hata kichwa. "Yangu iko naota manyoya. Na yako?"

Carine akaingia ndani kwa kishindo.

Wiki ya sita, Maman Micheline akatangaza kwamba Jumatatu Dokta angekuja kuona jinsi Baron alivyopona. Baron alivyopona! Mgongo wa maskini yule ulifanana na mkeka uliotafunwa na panya. Hapo Carine akashikwa na joto, na katika joto lile akamkumbuka Tonton Blanchard, mdogo wa mama yake, mtu aliyejua kila kitu bila kujifunza chochote. Tonton aliwahi kusema mezani kwamba madaktari wa mbwa ni wapiga porojo tu. Upele wa mbwa unaondoka kwa vidanji, yaani mafuta machafu yanayomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Unapaka mara moja, umemaliza. Tonton mwenyewe aliwahi kufuga mbwa, mbwa huyo akafa, lakini hakuna aliyemuuliza alikufa kwa nini.

Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda ofisini, Carine alitoka na kopo mpaka kwa makanika wa kando ya barabara. Wakamjazia wakicheka, wakiona wamepata mtu wa kuwabebea uchafu wao. Akampaka Baron kwa brashi, kichwani, mgongoni, tumboni, miguuni. Mbwa akang'aa. Ili kuua harufu alimmwagia shampuani ya mama yake, ile ya maua. Kazi yote ilichukua dakika kumi. Akamfikiria Bintu na mabidoni yake ya majuma sita, akacheka peke yake.

Baron hakucheka. Ngozi iliyojaa vidonda ilimwasha kama moto, naye akafanya ambacho mbwa yeyote angefanya: akajilamba. Alijilamba asubuhi nzima. Kufikia saa sita mate yalimtoka mapovu mapovu, miguu ikatetemeka, akaangukia ubavu na kushindwa kusimama.

Maman Micheline alifika wakati huohuo. Alimwona mbwa mweusi anayenukia maua amelala chini, asielewe kitu. Akampigia Dokta, akaweka simu kwenye sauti kubwa. Dokta alikuwa Kamanyola, anachanja ng'ombe, na hangeweza kufika kabla ya jioni. Akauliza mbwa amekula nini. Mama akamgeukia Carine.

Ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi wa Carine. Akaumeza. Badala yake akasema kwamba Baron amekula sumu ya panya, muda si mrefu, na kwamba sumu hiyo iliwekwa kando ya ukuta na watu wa Bintu. Alisema ameona kwa macho yake. Uongo ule ulitoka mzima mzima, na miguu yake na mikono yake, hata yeye mwenyewe akashangaa.

Dokta alisema kama ni sumu ya panya, na imeliwa sasa hivi, mbwa atapishwe haraka. Akauliza kama nyumbani mna maji ya oksijeni ya kusafishia vidonda. Yalikuwepo. Mama akaleta chupa na sirinji kubwa, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la ofisini, akasikiliza kipimo.

"Ngoja kwanza, maman," Dokta akasema. "Carine, nisikilize muzuri. Iko sumu ya panya kweli? Haiko mafuta, haiko petroli? Juu kama iko mafuta, akitapika itaingia mu mapafu, na atakufa mbele yenu."

Mama akaendelea kujaza sirinji, maana yeye jibu alikuwa nalo tayari. Akafungua taya za Baron. Carine akauona ulimi. Ulikuwa mweusi kwa vidanji. Baron alimtazama, akatikisa mkia mara moja, taratibu, kwa yule yule aliyekaribia kumwua.

"Maman, acha," Carine akasema. "Haiko sumu. Ni mimi."

Akayasema yote. Akasema vidanji, akasema shampuani, akasema chupa nyuma ya makala, akasema zile "Ndiyo, maman" tano, moja moja. Kwenye simu ng'ombe walisikika wakilia. Kisha Dokta akazungumza upesi, bila kumgombeza mtu. Asitapishwe kabisa. Asipewe maziwa wala mawese, kama watu wanavyopenda kufanya. Afutwe mafuta kwa matambara makavu, kisha aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Akaushwe, afunikwe. Na likatwe bidoni la plastiki, avishwe shingoni, asiweze kujilamba.

Carine akakimbilia bomba. Likakohoa, likatoa tone moja.

Palibaki mahali pamoja tu. Akaenda mpaka ukutani, akaita, na kwa mara ya kwanza akaita kwa jina. Bintu alikuwa pale pale upande wa pili. Ukuta ule haukuwa mrefu, na simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Alimtazama Carine kuanzia utosini hadi unyayoni, polepole, kama alivyokuwa akitazamwa yeye siku zote.

"Sumu ya panya, ee?" akasema.

Carine akainamisha kichwa. Bintu akapitisha bidoni juu ya ukuta. "Maji hii ni ya mbwa," akasema. "Haiko yako."

Kisha akazunguka kupitia getini, maana alijua jinsi ya kumshika mbwa anayetetemeka, na Carine hakujua. Walibadilisha maji mara tisa. Bintu hakumsemesha neno zaidi ya "shika" na "geuza".

Jua lilikuwa linazama Dokta alipofika na buti zake. Alimsikiliza Baron mapafu, akamdunga sindano, akasema ataishi wakimchunga vizuri. Kisha akaomba ile chupa. Carine akaitoa nyuma ya makala, ina vumbi jeusi, haijafunguliwa. Dokta akaiinua kwenye mwanga.

"Miaka makumi mbili niko natibia nguruwe," akasema. "Hata moja haijanidanganya."

Carine akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa akijikuna mkono bila kujua, na Dokta akauona ule mkono, umejaa vipele. Akamwambia Maman Micheline ampeleke mtoto kwa daktari wa watu, na huko nako aseme ukweli.

Kesho yake baada ya misa, mama alimshika mkono mpaka kwa baba yake Bintu, na Carine akaomba msamaha mbele ya watu wote wa parseli. Majuma sita yakaanza upya, kutoka moja. Baron alitembezwa kila jioni na bidoni lake la njano shingoni, watoto wa mtaa wakimfuata kwa vicheko, na aliyeshika kamba hakuwa mwingine ila Carine. Mbwa hakujali kuchekwa. Alifurahi kutembea.

Jumamosi ya sita Dokta akarudi. Manyoya yalikuwa yameota, mafupi na laini, na Baron alimrukia kwa furaha. Dokta akampapasa masikio, akauliza kama ameogeshwa mara zote sita. Maman Micheline akajibu kwa fahari kwamba ndiyo. Carine angeweza kunyamaza tu. Chupa ilikuwa karibu tupu, na mbwa alipendeza.

"Tano, papa Dokta," akasema. "Jumamosi ya ine nilienda mu komunyo ya rafiki, nikaruka. Maman hakujua."

Mama akamkodolea macho. Dokta akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi Jumamosi moja zaidi.

"Mbwa haina kinywa ya kuniambia kitu," akasema. "Kinywa yake ni wewe. Wewe ukinidanganya, mimi nitatibia uongo yako, na mbwa atakufa na ugonjwa yake. Na hii dawa ya majuma sita ni ya majuma sita, haiko ya siku ile unajisikia. Umeelewa?"

Carine akaitika kwamba ameelewa.

"Sawa." Dokta akavuta buti zake, akaelekea getini. "Sasa umeanza kufikia nguruwe zangu."

Upande wa pili wa ukuta Bintu aliangua kicheko, na Nyamaza akabweka. Carine akaona uso unamwaka moto, lakini hakubenua mdomo. Alijua kwamba kwa mzee yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Juma lililofuata akachukua bidoni, akamwita Bintu, wakashuka pamoja kuchota maji ya Jumamosi ya saba.