Lori Lilivyogoma Simbo Siku ya Posa

— Piga tena!

Nyeee-nyeee-nyeee! Stata ikazunguka kwa nguvu zake zote, lakini lori halikuwaka.

Polycarp akashuka na suti yake mpya, jasho mpaka kwenye soksi. Yeye na shangazi yake, Honorata, walitoka Rusimbi alfajiri kwenda Ilagala kupeleka posa kwa kina Edina. Waliposimama Simbo kupakia mikungu ya ndizi, lori likagoma. Na mwezi uliopita alikwama hivihivi! Mzee Telesphory, baba yake Edina, alishasema wazi: leo wasipofika, wasirudi tena. Moyo wa kijana wa watu ulikuwa unamuuma kwelikweli.

Ujumbe ukaingia. Edina: "Baba ameshavaa koti. Mko wapi mpenzi?"

Akajibu: "Simbo. Gari haliwaki. Usilie."

Mara simu ya shangazi ikaita. Yeye ndiye mshenga, na kwa desturi ya nyumba zile baba mkwe haongei na kijana mpaka posa ipokelewe. Kila neno lipite kwa mshenga.

— Mwakeye, Mzee Telesphory!

— Acha salamu, mama. Mwezi uliopita lori, leo lori! Kijana wako ananiona mtoto?

— Haki ya Mungu limegoma, mzee wangu!

— Mimi nimeendesha malori mpaka nikaota mvi. Weka simu kwenye injini, apige stata.

Nyeee-nyeee-nyeee!

Sauti ya mzee ikarudi, imelegea kidogo.

— Mh. Betri nzima hiyo. Muulize, moshi unatoka nyuma?

— Polycarp, unaulizwa moshi!

— Mwambie hautoki hata kidogo.

— Hautoki, mzee!

— Basi dizeli haifiki kwenye injini. Tangi lina kitu?

— Limejaa! Nimelijaza mwenyewe alfajiri, dumu zima, huyu akiwa anaoga.

— Mwambie afungue filta.

Polycarp akavua koti, akashika spana. Ndani ya filta akakuta uji mzito, mwekundu. Akanusa, akamgeukia shangazi yake.

— Shangazi, haya ni mawese.

— Yoo! Mama yangu!

Kumbe gizani kulikuwa na madumu mawili ya njano: moja la dizeli, jingine la mawese ya kumpelekea mama mkwe. Shangazi, na mafua yake, hakunusa lolote, na dizeli ya jana iliyobaki ndiyo iliyowafikisha Simbo.

— Na lile ulilolifunga kitenge?

Wakalifungua. Dizeli tupu!

— Kumbe tulikuwa tunakwenda kumkaangia mama mkwe samaki wake, migebuka, kwa dizeli! Polycarp akasema, akacheka mwenyewe.

Kwenye simu Edina, aliyekuwa kando ya baba yake, naye akaangua kicheko. Baba yake alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa.

— Mama, mwambie achomoe... Aa, wewe unanichelewesha! Mpe simu mkwe wangu!

Shangazi akakodoa macho, akampa simu. Polycarp akaipokea simu kwa mikono miwili.

— Shi... shikamoo baba.

— Marahaba. Una filta nyingine?

— Ninayo, baba.

— Funga hiyo. Mipira ya tangi ichomoe, uitie kwenye dumu la dizeli. Halafu pampu kwa mkono mpaka hewa yote itoke.

Akapampu. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha. Akarukia usukani. Nyeee-nyeee... likakohoa, likatema moshi, likanguruma! Akina mama wa ndizi wakapiga vigelegele kana kwamba harusi ni yao.

— Limewaka, baba!

— Nimelisikia. Endesha taratibu, mwanangu.

Shangazi akampokonya simu.

— Mzee! Umemwita mkwe, na posa hata hatujaifikisha?

— Na wewe umemwaga zawadi ya mke wangu kwenye tangi. Tumelingana. Njooni mle.

— Lakini desturi, mzee! Binti naye lazima aulizwe mbele ya wazee kama amekubali.

Kabla mzee hajajibu, sauti ya Edina ikapasua simu:

— Nimekubali, shangazi! Nimekubali! Njooni upesi!