Waridi Lililoulizwa Jina

Waridi lile halikunukia waridi. Lilinukia nywele za mtoto zilizotoka kuoshwa, na mshonaji alipoinama kulinusa mara ya kwanza aligeuka haraka, akidhani binti yake amesimama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

Walikuwa wamehamia nyumba hiyo baada ya mama mkwe kufariki. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa siku kumi njiani na mbili nyumbani, kwa hiyo walibaki watatu: mshonaji, binti yake wa miaka sita waliyemwita Kidoti, na wifi yake, dada mkubwa wa mume, aliyezaliwa humo na hakuwahi kuhama. Waridi liliota uani, kando ya tangi la maji. Maua yake yalikuwa mekundu ya kukaribia weusi.

"Wifi, hili linaitwaje?"

Wifi alikuwa akianika nguo. Kibanio kikamdondoka. "Ua ni ua. Marehemu mama alikuwa akilikata hadi shinani kila mwaka. Nawe likate, wifi yangu, tuishi kwa amani."

Lakini mshonaji na maua ni chanda na pete. Akakata kitawi, akampelekea mwenye kitalu cha miche barabarani, mtu aliyejisifu kwamba hutambua mawaridi akiwa amefumba macho. Alikizungusha kile kitawi mkononi, na tabasamu lake likafifia.

"La kale sana hili, mama. Mawaridi ya aina hii hayanunuliwi, hurithiwa. Ila tazama miba. Miba ya waridi huinamia chini. Hii imegeukia ndani. Mkono utaingia bila shida. Kuutoa ndiyo kazi."

"Na jina lake?"

"Silijui. Na nisingelitafuta."

Yeye akalitafuta. Akatuma picha kwa kila mpenda maua aliyemjua, na swali lilelile: nani analijua jina lake? Hakuna aliyejua. Asubuhi moja, nusu kwa mzaha, akasimama mbele ya kichaka chenyewe akasema, "Haya basi, sema mwenyewe. Jina lako nani?"

Mchana wake Kidoti aliingia ndani akiwa amesukwa.

Mshonaji akaacha cherehani. "Nani kakusuka?"

"Yule wa uani. Ulimwuliza jina lake, mama. Amesema atakwambia mkizoeana."

Mistari ilikuwa saba, imebana, yote ikiishia nyuma ya sikio la kushoto. Katikati ya kila mstari palikuwa na vitone vya damu, vidogo kama tundu za sindano, kana kwamba nywele zilitengwa kwa mwiba. Wifi akatokea jikoni na sinia la vikombe. Aliiona ile misuko, akaketi chini palepale, na vikombe vikabingirika sakafuni.

"Mdogo wangu," alisema. "Mdogo wangu alisukwa hivyohivyo. Alikuwa na miaka sita. Siku ya nne tulimkuta amelala chini ya kichaka kile, hana jeraha, hapumui."

"Na mama hakuling'oa?"

"Kila alipoinua jembe lilimwita kwa sauti ya mtoto wake. Angeweza mzazi gani? Akawa analikata tu, lisichanue. Lisipochanua halisemi."

Mshonaji alifumua misuko ile. Kesho yake, jua likiwa utosini, alimfungia mtoto chumbani, akakaa mlangoni na mkasi wake wa kukatia vitambaa, na akiwa macho kabisa alisikia chanuo likipita kwenye nywele, taratibu, kwa raha, kama mama anayemchana mwanawe siku ya mapumziko, na kabla hajaupata ufunguo mfukoni harufu ya nywele mbichi ilipenya chini ya mlango ikamjaa kinywani, na alipofungua alimkuta Kidoti ameketi peke yake kitandani, amesukwa mistari saba, midomo imepauka, akitabasamu kwa mtu asiyeonekana nyuma ya mama yake.

"Wifi," alinong'ona, "nitafutie mtu. Leo hii."

Wifi alimleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyekuja na jembe begani. Alimtazama mtoto, akalitazama waridi.

"Jini wa shina," alisema. "Ukimwuliza mgeni jina lake, umemkaribisha. Mimi nitasoma, lakini mkono wangu hauna kazi hapa. Wa kumtoa ni aliyezaliwa nyumba hii." Akamkabidhi wifi jembe.

Mganga alipoanza kusoma, majani yalitikisika bila upepo. Wifi akapiga jembe la kwanza. Kidoti, aliyekuwa amelegea mapajani mwa mama yake, akafumbua macho, na sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Dada."

Jembe likasimama hewani.

"Dada, ni mimi. Kuna giza huku. Nimekungoja uje kunichukua, mbona waja na jembe?"

"Usimjibu!" mganga alisema kwa sauti ya chini. "Chimba!"

"Unakumbuka ulivyonibeba mgongoni tukienda kisimani? Dada, ukiling'oa nitakwenda wapi?"

Wifi alikuwa akilia kama mtoto mdogo, na mshonaji, aliyehisi mwili wa bintiye ukipoa mikononi mwake kama pasi iliyozimwa, akasema tu, "Wifi, tafadhali. Huyu wangu bado yu hai. Wifi."

Wifi akafumba macho, akashusha jembe. Akalishusha tena na tena, huku sauti ikimwita, ikimsihi, mwisho ikipiga ukelele mmoja wa uchungu, hadi mzizi mkuu ukakatika na uani kukawa kimya. Mizizi ilipopinduliwa ilikuwa imefungamana na nywele, nyingi, za rangi na urefu mbalimbali.

Kidoti akakohoa, akaomba maji.

Waliichoma mizizi jioni ileile. Mtoto alikula, akalala, akaamka akiulizia viatu vyake. Mumewe mshonaji aliporudi alikuta shimo limefukiwa, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumweleza.

Siku ya nne, wakipepeta mchele, wifi alimshika mshonaji mkono.

"Wifi yangu," alisema polepole, "lile la kisimani. Nilimbeba kweli. Tulikuwa wawili tu, na sijawahi kumsimulia mtu."

Mshonaji aliutazama mchele.